Picha Nne na Gari Moja la Lynwood

Kusini mwa jiji la Los Angeles, katika jimbo la California, uko mji mdogo uitwao Lynwood. Mgeni apitaye barabara ya Atlantic leo haoni cha kumsimamisha. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950 ndugu wawili, Sam na George Barris, walikuwa na karakana yao hapo, na vijana wakiwapelekea magari yangali mapya ili yakatwe. Paa lilishushwa, vishikio vya milango viling'olewa na matundu yake kuzibwa, mapambo ya kiwandani yakaondolewa. Gari lililotoka humo halikuwa na pacha. Karakana hiyo iliteketea kwa moto mwaka 1957.

Nilipelekwa huko na shemeji yangu aishiye Long Beach. Jirani yake, bibi mjane, alikuwa na picha nne, nyeusi na nyeupe, za marehemu mumewe na gari la namna hiyo. Muuzaji mmoja alidai kuwa gari hilohilo analo yeye, na mtoto wa bibi alikwisha azimia kulinunua kwa akiba ya miaka mingi. Magari haya si mchezo. Mercury ya Bob Hirohata, kazi ya ndugu wa Barris ya mwaka 1952, ilinunuliwa na mwanafunzi Jim McNiel mwaka 1959 kwa dola 500. Mwaka 2022 ikauzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 1.9.

Bibi hakujali bei. Alitaka kujua kama gari lilikuwa la mumewe kweli, au aliliegemea tu. (Nani kwetu hajaona picha ya mjomba aliyeegemea pikipiki isiyo yake?)

Mzee mmoja, fundi mstaafu, alizikagua picha kwa kioo cha kukuzia. Alianza na kibao cha namba, nacho kilikuwa cheupe chenye tarakimu nyeusi. Vibao vya California vya mwaka 1951 vilikuwa vyeusi. Mwaka 1956 vikawa vya manjano, na mwaka 1963 vikarudi kuwa vyeusi. Basi picha zilipigwa katikati ya miaka hiyo. Madigadi ya nyuma yalikuwa marefu, alama ya Mercury ya mwaka 1951. Katika picha ya tatu mlango u wazi, na dashibodi inaonekana: si ile ya mwaka 1949, maana ilibadilishwa mwaka uliofuata.

Picha ya nne ndiyo iliyomtoa bibi machozi. Gari lenye namba ileile limeegeshwa uani, limeinuliwa juu ya matofali, magurudumu hayapo, na ukuta ulio nyuma yake ni wa nyumba waliyopanga baada ya kuoana.

Gari la muuzaji lilikuwa na dashibodi ya mwaka 1949 na madigadi mafupi. Fundi alikiri kwamba vipande hubadilishwa, ila haoni sababu ya mtu kurudisha gari nyuma kiasi hicho. Akamshauri kijana aombe picha ya namba iliyogongwa kwenye chesisi. Kijana aliomba mara mbili. Mara ya tatu simu ya muuzaji haikupokelewa, na akiba ikabaki benki.

Bibi aliomba penseli, akageuza zile picha moja baada ya nyingine, akaandika jina la mumewe nyuma yake.