Kitabu cha wanawake wanaofuma



Wiki iliyopita mama mmoja alinisimamisha njiani kwenda mtoni, akauliza ni Biblia ya dini gani ile tunayosoma siku ya tatu chini ya mwembe, maana anasikia tunacheka sana. Si Biblia, yaya. Ni kitabu cha hadithi tu, tena hadithi ya wanawake wanaofuma. Nieleze kimetufikiaje, na kimetufanya nini.

Wengi wananijua kwamba silali vizuri. Mwisho wa mwaka 2000, vita ilipofika Pweto, sisi tulikimbilia Zambia, tukakaa miaka katika kambi ya Kala, upande wa Kawambwa. Kutoka kule nilirudi na vitu viwili: Kiingereza kidogo, na masikio yanayoamka mbwa akibweka. Zamani, usiku ukikataa, nilikuwa nafuma. Lakini mikono ikifuma kofia ya mtoto kwa mara ya mia, kichwa kinabaki bila kazi, na kichwa bila kazi kinarudi kule kule.

Halafu binti wa dada yangu akaniletea kitabu kutoka Lusaka, alikinunua sokoni kwenye vitabu vilivyotumika. Aliona sindano kwenye jalada, akasema hiki ni cha mama mdogo. Kinaitwa The Friday Night Knitting Club, cha Kate Jacobs, kilitoka mwaka 2007. Georgia ana duka la nyuzi New York, anamlea peke yake binti yake Dakota, na kila siku ya tano jioni wanawake wanakutana dukani kufuma na kusemezana. Basi. Hakuna bunduki, hakuna anayekimbia. Nilisoma kwa taa ya jua, sindano ziko mapajani, kurasa tatu kisha mstari mmoja wa kufuma. Nilipofika ukurasa wa arobaini nililala mpaka jogoo.

Nadhani ni kwa sababu mambo ya mle mikono yangu inayajua. Mtu wa New York akipoteza kitanzi na kufumua kazi ya jioni nzima, mimi wa Kiambi naumwa vidole pamoja naye, ingawa yeye anafuma masweta ya baridi ambayo huku kwetu, ukiacha asubuhi za kiangazi, yangemchemsha mtu kama bukari. Huku tunafuma kofia za watoto wachanga, kwa sababu mtoto hupoteza joto kwa kichwa.

Lakini si kila kitabu chenye sindano kinapumzisha. Niliazima pia kitabu cha Dickens cha mwaka 1859, juu ya mapinduzi ya Ufaransa. Mle kuna mama Defarge, anafuma mchana kutwa, na katika kufuma kwake anaficha majina ya watu watakaouawa. Nilikirudisha. Sisi wa territoire ya Manono tumeshaona jirani akiwekewa alama, hatuhitaji kusomewa usiku.

Kile cha Georgia nilikipeleka siku ya tatu. Nasoma kwa Kiingereza, nasema kwa Kiswahili, wengine wanafuma. Mjadala uliotokea pale, hata mkutano wa likelemba haujaufikia. Kuna James, aliyemwacha Georgia na mimba, na sasa anarudi anamtaka mtoto. Wamama wakauliza: alitoa mahari gani? Nikasema kitabu hakisemi. Basi aende zake, wakajibu. Kuna Anita, mjane mzee, anayependwa na Marty mwenye duka la vyakula pale chini. Hapo tuligawanyika. Nusu walisema mjane atulie kwa wajukuu, nusu walinyamaza, na walionyamaza ndio wajane.

Kati yetu kuna mama mmoja, simtaji, anayeumwa tumbo tangu mwaka jana. Alipelekwa mbali kupimwa, akarudi amekonda. Hakosi siku ya tatu. Mimi nilikuwa nimetangulia kusoma nyumbani, na nilijua Georgia anapata kansa ya mifuko ya mayai na anakufa. Nikaogopa. Siku ya kufika pale nilisoma mpaka anapougua, kisha nikasema alitibiwa, akapona, duka likaendelea. Nikafunga kitabu. Wote wakapiga makofi. Yeye hakupiga, alikuwa anamalizia ukingo wa kofia.

Tulitembea pamoja kurudi, nimembebea kiti chake. Akasema:

"Mdogo wangu, mimi Kiingereza sijui, lakini unene najua. Ulifunga kitabu na kurasa zimebaki."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kweli palepale njiani, na nilikuwa nalia mimi, si yeye. Aliniacha nimalize. Halafu aliuliza jambo moja tu:

"Na mtoto, alibaki na nani?"

Nikasema Dakota ana baba yake, James yule yule, ana Anita, na wale wamama wa siku ya tano hawakuacha kuja.

"Hiyo ndiyo ungetusomea," akasema. "Mimi nina binti wa miaka kumi na mbili, na wewe unaficha habari kama hiyo?"

Juma lililofuata niliomba radhi mbele ya wote, nikasoma mwisho wenyewe. Ilikuwa kimya, mtu mmoja akatoka nje ya kivuli kwa muda, akarudi. Mama yetu alikuja na binti yake. Alimkalisha katikati yetu na sindano mbili, akamwambia mama mwenye macho makali kuliko wote amfundishe kuanza vitanzi, "kwa sababu mimi nafundisha vibaya." Si kweli, ndiye aliyetufundisha nusu yetu.

Usingizi wangu? Unakuja, unaenda. Kitabu tumekianza upya kwa ombi la wajane, wanataka kusikia tena yale ya Anita na Marty, polepole. Tuko ukurasa wa sitini. Mtoto yule ameshafuma kipande kirefu kama mkono, kimepinda, na hataki mtu akifumue. Anayekuja siku ya tatu alete uzi wake, mweupe umetuishia.