Kibodi ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa karani huko Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, katika ofisi ya kutoa mizigo forodhani. Alipiga taipu upesi sana bila kutazama vidole. Miaka mitatu iliyopita alipofuka macho. Tangu hapo barua zake zote naliziandika mimi, yeye akinitajia maneno.

Siku moja alinyamaza katikati ya barua, kisha akasema, "Mwanangu, yako maneno ambayo mzee hawezi kumtajia mtoto." Nikaona haya. Nikampa kompyuta yangu ajaribu mwenyewe, lakini vibonye vyake ni bapa, naye hakuweza kujua kama herufi imeingia au haikuingia.

Ndipo alipokumbuka kibodi yake ya zamani, iliyokuwa chini ya kitanda. Ni ya IBM, aina ya Model M, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1985. Uzito wake wapita kilo 2. Chini ya kila kibonye mna springi, ukibonyeza, springi hupinda na kulia "tak!" herufi inapoingia. Basi sikio na kidole hufanya kazi ya jicho.

Lakini plagi yake ni ya mviringo, yenye pini 6, mtindo ulioletwa mwaka 1987. Kompyuta yangu ina matundu ya USB tu, ambayo yalianza mwaka 1996. Nikanunua plagi ya bei rahisi, upande mmoja mviringo, upande wa pili USB. Nikaunganisha. Kimya! Mwenzangu akacheka, akasema nikaiuze kwa kilo kama chuma chakavu. Hata mimi nalikata tamaa.

Mwenye kuuliza hapotei. Naliipeleka kwa fundi wa redio mjini Tororo. Akaitazama, akasema, "Hii si mbovu. Wewe umebadilisha mlango tu, hukuleta mkalimani." Akanieleza kwamba kibodi ya zamani hupeleka habari yenyewe mara kibonye kinapobonyezwa. Lakini katika USB, kompyuta ndiyo huuliza kila mara, "Una neno?" na kibodi hujibu. Plagi niliyonunua haikuwa na kitu ndani ila nyaya. Hufaa kwa kibodi zile tu zinazojua lugha zote mbili. Ya mjomba yajua moja. Akaniuzia waya wenye kifaa kidogo ndani yake, ambacho husikiliza lugha ya kale na kuijibu kompyuta kwa lugha mpya.

Jioni ile nikaunganisha tena. Mjomba akapapasa, akaweka vidole mahali pake, akaanza: tak, tak, tak! Uso wake ukang'aa. Baada ya mstari mmoja akasimamisha mikono, akasema, "Ahsante, mwanangu. Sasa nenda nje."

Nalikaa barazani nikisikiliza mpaka giza likaingia. Kesho yake nikaichapa barua ile shuleni kwa ruhusa ya mwalimu. Naliikunja bila kuisoma, nikaitia katika bahasha. Hata leo sijui ilisema nini, wala sitauliza.

Ndugu wasomaji, tusifanye haraka kutupa kitu kwa kuwa hakisemi nasi. Pengine kimekosa mkalimani tu.