Kibatari Alikufa

Ninalo daftari moja la mazoezi, jalada lake limeliwa na mchwa upande mmoja. Mwandiko uliomo si wangu. Ni wa binamu yangu, mtoto wa mjomba, na ndani yake imo orodha ya vifo. Ukurasa wa tatu una mstari mmoja wa uongo. Mwandiko ni wake, lakini uongo ni wangu, na leo nimekaa kuusahihisha.

Ilikuwa mwaka 2020. Tarehe 17 Machi serikali ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya korona, nami, mwanafunzi wa kidato cha tatu pale Mwanza, nikapakiwa kwenye basi kwenda Zagayu kwa babu mzaa mama. Wazee wa kwetu bado husema "Bariadi" wakitaja huko, ingawa tangu mkoa wa Simiyu uanzishwe mwaka 2012 tunahesabiwa wilaya ya Itilima. Kwa kijana wa mjini, Zagayu ni udongo mweusi unaomeza kandambili, pamba mpaka macho yachoke, michembe asubuhi, na ng'ombe. Umeme kwa babu haukuwepo. Simu ilichajiwa dukani kwenye sola, shilingi 300 mpaka ijae.

Na ndani ya simu hiyo, yenye kioo kilichopasuka kama utando wa buibui, ndimo yalimokuwa maisha yangu yote. Nilikuwa na gemu ya Pokémon FireRed, ya mwaka 2004, niliyorushiwa na mshikaji wa darasani pamoja na programu ya kuigiza mashine ya Game Boy. Kwa asiyeijua: wewe ni kijana unayetoka kwenu kwa miguu, unakamata viumbe wa ajabu vichakani, unawafuga, unawapiganisha, na kila mji mkubwa una mbabe wa kumshinda. Wababe hao ni wanane. Aliyeibuni, Satoshi Tajiri, utotoni alikuwa mtu wa kukamata wadudu. Gemu za kwanza za aina hii zilitoka Japani mwaka 1996 zikiwa na viumbe 151. Mimi nilikwisha kuimaliza mara mbili. Nilikuwa nacheza kama mtu anayetafuna muwa uliokwisha utamu.

Binamu yangu tulilingana umri, lakini yeye aliishia darasa la saba, akabaki kuchunga. Mchana mmoja tuko chini ya mti, mifugo inakula, akachungulia begani kwangu.

"Huyo si amekufa?"

"Amezimia tu. Nampeleka kituoni, anatibiwa bure."

"Bure?"

"Bure kabisa."

Akacheka, cheko lile la mabinamu, la dharau yenye mapenzi. "Sasa binamu, hapo unachunga nini? Mimi nikirudi na ng'ombe pungufu, nimwambie babu amezimia?"

Maneno yale yaliniingia. Nikakumbuka kwamba wako watu walioona kasoro hiyo hiyo, wakajitungia sheria. Mwaka 2010 Mmarekani mmoja, Nick Franco, alianza kuchora katuni kuhusu alivyocheza gemu ya namna hii kwa masharti aliyojiwekea mwenyewe. Katika katuni zake alimchora kiumbe aitwaye Nuzleaf akiwa na sura ya John Locke, yule mzee wa tamthilia ya "Lost", na kutokana na majina hayo mawili mchezo wa masharti ukaitwa Nuzlocke. Sheria kuu ni mbili. Kwanza, kila eneo unaruhusiwa kumkamata kiumbe mmoja tu, yule wa kwanza kukutana naye, ukimkosa, umekosa. Pili, anayezimia amekufa, humtumii tena. Wengi huongeza ya tatu: kila unayemkamata umpe jina, ili akifa uumie.

Sheria hizo hazimo ndani ya gemu. Gemu haizijui. Ukizivunja hakuna kengele inayolia.

Binamu akazipenda mno, akaongeza ya nne: yeye atakuwa karani. Alikuwa na daftari lililobaki tangu shule. Kila atakayekufa aandikwe, kafia wapi na kauawa na nini. "Mfu asiyeandikwa ni wizi," alisema. Akaomba pia ampe jina kiumbe wa kwanza, Charmander, kijusi chekundu chenye mwali wa moto mkiani. Akamwita Kibatari.

Loo, gemu ile ile niliyoichoka ikageuka! Nyasi nilizokuwa nakatiza kwa mbio sasa nilizipita kwa kunyata. Panya wa Njia ya 1, ambaye zamani nisingemtazama mara mbili, tulimwita Buku, akawa mtu. Tulipofika msitu wa Viridian, wa kwanza kutokea alikuwa kiwavi mwenye mwiba. Tukamkamata. Hatua kumi mbele akatokea Pikachu mwenyewe, wa njano, ambaye katika msitu ule hutokea kwa nadra sana. Vidole viliniwasha, ndugu yangu! Nikamtazama binamu.

"Wa kwanza alikuwa kiwavi," akasema, macho kwenye mifugo.

Tukamwacha Pikachu aende zake. Sijawahi kumsahau, na nina hakika ningemkamata ningemsahau.

Basi daftari likaanza kujaa. Ninanukuu kama lilivyo: "Buku. Kafa msituni kwa sumu. Alikuwa mdogo, tulimharakisha." "Popo wa pangoni. Kafa kwa jiwe. Hatukumjua vizuri." Jioni babu aliposikia tukijadili marehemu kwa sauti nzito, alidhani kuna msiba kijiji cha pili.

Kibatari akakua. Mbabe wa mawe alimpiga kwa makucha ya chuma, akabadilika umbo, akawa mwekundu zaidi. Tukafika kwa mbabe wa pili, Misty, dada wa maji. Kila mchezaji anajua kwamba kiumbe wa moto hapelekwi pale. Tulikuwa na kiumbe wa majani, Mchicha, tuliyemwandaa kwa kazi hiyo. Siku hiyo binamu alikuwa amepeleka ng'ombe mbali, nami nikacheza peke yangu. Mchicha akamwangusha wa kwanza. Wa pili, nyota yenye kito katikati, akabaki na uhai kidogo sana, na Mchicha alikuwa hoi. Nikasema, pigo moja tu, wacha Kibatari achukue sifa. Ilikuwa tamaa yangu, si lazima. Nyota ikatangulia, ikatema maji. Kibatari akaanguka.

Nikakaa kimya, jasho likinitoka. Halafu nikakumbuka kwamba programu ile ina kitufe cha kurudisha muda mahali uliposevu. Nilikuwa nimesevu mlangoni. Nikabonyeza. Kibatari akawa mzima, mwali unawaka mkiani kama hakuna kilichotokea. Safari hii nikamaliza na Mchicha.

Jioni binamu akaja na daftari. "Vipi kwa yule dada?"

"Tumeshinda."

"Nani kafa?"

"Hakuna."

Akatabasamu, akaandika, herufi kubwa kubwa: "Kibatari kapita kwa dada wa maji. Mzima." Huo ndio mstari wenyewe.

Wiki iliyofuata tulizama kwenye simu, wote wawili, hata jua likainama. Tulipokusanya mbuzi, mmoja hakuwepo. Tulimtafuta mpaka giza. Njiani mimi, mtoto wa mjini, nikatoa shauri: "Tuseme fisi." Binamu hakunijibu. Tulipofika akasimama mbele ya babu, mikono nyuma.

"Guku, mbuzi mmoja kapotea. Nilikuwa naangalia gemu."

Hakusema "tulikuwa". Babu hakumpiga wala hakufoka. Kulikuwa na mbuzi jike aliyemwahidi binamu kama ujira wa kuchunga. Akasema tu kwamba huyo sasa anarudi kundini kujaza pengo. Binamu akaitikia, akaenda kufunga zizi. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, simu mfukoni, ndani yake Kibatari mzima.

Usiku ule ningeweza kusema. Sikusema. Gemu yenyewe sikuimaliza. Kila Kibatari alipoingia uwanjani niliona kama namchezesha maiti. Tarehe 29 Juni shule zikafunguliwa. Asubuhi ya safari binamu akanikabidhi daftari, akaniambia, "Utaendelea kuandika."

Nimeendelea, ndiyo maana mnanisoma hapa. Sisi vijana wa kalamu tumebishana sana kuhusu sheria. Tangu Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, alipotoa "Kichomi" mwaka 1974, watu wanauliza kama vina na mizani ni nguzo au pingu. Mimi naona sheria hizo zina nafuu moja: ukiandika tarbia ukapunguza silabi, msomaji atahesabu, atakushika. Sheria ngumu ni ile asiyeweza kuihesabu mtu mwingine. Unapoandika kwamba mhusika aliteseka, wewe peke yako ndiye unayejua kama ulibonyeza kitufe cha kurudisha.

Kabla ya kuandika haya nilimpigia simu binamu. Siku hizi yuko machimboni, Geita. Nikamweleza yote, tangu mlangoni kwa dada wa maji. Kwanza hakukumbuka. "Kibatari yupi?" Nikamkumbusha mwali wa mkiani. Akanyamaza, nikasikia mashine zikiunguruma nyuma yake. Nilitegemea acheke, au anitukane kibinamu.

"Kafaje?" akauliza.

"Kwa maji. Nilimwingiza mimi, bila sababu."

"Daftari unalo?"

"Ninalo."

"Basi kata ule mstari, andika vizuri."

Nimekata. Chini yake, kwa mwandiko wangu, wa kwanza katika daftari lile, nimeandika: "Kibatari. Kafa kwa dada wa maji, 2020. Mchungaji alitaka sifa."