Mwanya na Pengo

Lugha yetu ina majina mawili kwa nafasi iliyo kati ya meno. Mwanya huhesabiwa kuwa uzuri. Pengo huhesabiwa kuwa kasoro. Jicho huona nafasi, lakini moyo ndio utoao hukumu. Ndivyo ulivyo mkato mweusi ulio juu ya kioo cha simu.

Mkato huo ulipata sifa mwaka 2017, kampuni ya Apple ilipotoa simu ya iPhone X. Kioo kilienea karibu uso mzima, ikabaki juu nafasi ndogo ya kamera, spika ya sikioni, na vyombo vya kumtambua mwenye simu kwa kumwagia usoni nukta zaidi ya 30,000 za nuru isiyoonekana. Mwaka 2018 umbo hilo liliigwa na wengi, likafika Nairobi katika simu za bei nafuu kama Tecno Camon 11.

Nimesikia mabishano juu yake katika vibanda vya mafundi wa simu, Kibera na Kawangware. Wako wasemao kuwa mkato huila picha, na kwamba mtu aliyelipia kioo kizima hastahili kupewa kilichomeguka. Wako wajibuo kuwa bila mkato paji lote la simu lingekuwa jeusi; basi hakuna kilichopunguzwa, bali pembe mbili zimeongezwa, na saa na alama ya betri zimepata makao. Wako na vijana wasiojali hoja hizi: wanautaka mkato kwa kuwa simu ya tajiri ilikuwa nao.

Pande mbili za kwanza zina haki yake. Ya tatu yanitia shaka. Katika iPhone X nafasi ile ilijaa vyombo. Katika nyingi zilizoiga, ilibeba hasa kamera na spika. Umbo liliigwa, kazi ikaachwa nyuma. Kwa mtu alipwaye kwa siku, simu ni mkoba wake wa M-Pesa, na ndiyo aitiwayo kibarua. Akitoa akiba ya miezi kwa ajili ya umbo, hununua fahari ya mwingine kwa jasho lake mwenyewe.

Tena mtindo haudumu. Mwaka 2022 Apple yenyewe iliuacha mkato ule katika iPhone 14 Pro, ikaweka tundu lenye umbo la kidonge. Mnunuzi na aulize kwanza: nafasi hii yanifanyia kazi gani? Ikiwa na kazi, ni mwanya. Ikiwa haina, ni pengo, hata likisifiwa na mji mzima.