Mashine Iliyosahau Jina Lake

Asiyekujua hakuthamini, walinena wahenga. Methali hii ililenga binadamu, lakini inaafiki vilevile hali ya tarakilishi za Unix zisizokuwa na diski, ambazo kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilizitengeneza kuanzia miaka ya 1980. Tarakilishi ya aina hiyo haikubeba mfumo wake tumboni. Ilipowashwa, ilikuwa kama mgeni abishaye hodi usiku. Ilibidi ijitambulishe kwa seva kupitia mtandao, ipewe anwani, kisha ipewe kila ilichohitaji ili iamke. Isipojulikana, haikukaribishwa. Fundi mwenye pupa aliitazama ikiwa imekwama, akaihukumu kuwa mfu, ilhali ilikuwa ingali nzima.

Mazungumzo ya kuamka yalikuwa na hatua nne. Kwanza, mashine ilitangaza mtandaoni anwani yake ya etheneti na kuuliza anwani yake ya IP ni ipi. Itifaki ya wito huo, RARP, iliwekwa bayana mwaka wa 1984. Seva ilitafuta jina la mwulizaji katika faili ya /etc/ethers, ikatazama anwani ya jina hilo katika /etc/hosts, kisha ikajibu. Pili, mashine iliomba programu ndogo ya kuanzishia kwa itifaki ya TFTP. Jina la faili iliyoombwa lilitokana na anwani ileile ya IP iliyoandikwa kwa tarakimu za kizio cha 16, hivi kwamba 192.9.200.5 iligeuka kuwa C009C805. Tatu, programu hiyo iliuliza mzizi wa mfumo wake wa faili umehifadhiwa wapi, na jibu lilitoka katika faili ya /etc/bootparams. Nne, mzizi huo uliunganishwa kwa NFS, na kiini cha Unix kikaanza kazi.

Uhodari wa fundi, basi, haukuwa katika kubadilisha vipuri ovyo, bali katika kutambua mazungumzo yalikatikia wapi. Iwapo kioo kilionyesha kwamba mashine ingali inasubiri jibu la RARP, alikagua waya, akahakikisha kwamba huduma hiyo inaendeshwa kwenye seva, kisha akatafuta mstari wa mashine katika /etc/ethers. Alikumbuka pia kwamba wito wa RARP hauvuki ruta. Seva iliyo upande wa pili haiusikii hata kidogo. Iwapo tarakimu zilianza kupanda kiooni, hiyo ilikuwa ishara kwamba programu ya kuanzishia inapakuliwa, na hatua ya kwanza haikuwa na lawama tena.

Iwapo TFTP ndiyo iliyonyamaza, yamkini faili haikuwamo katika /tftpboot, au iliandikwa c009c805 kwa herufi ndogo. Kwa Unix hayo ni majina mawili tofauti. Iwapo mzizi ulikataa kuunganishwa, fundi alichunguza ruhusa za NFS, maana bila idhini maalumu, hata msimamizi mkuu wa mashine alipofika kwenye seva alihesabiwa kama mtu asiyejulikana. Fauka ya hayo, seva za Solaris zilikuwa na programu iitwayo snoop ya kusikiliza yanayopita mtandaoni. Wito ukisikika bila jibu, kasoro ilitafutwa kwenye seva. Wito usiposikika kabisa, ilitafutwa kwenye waya au kwenye mashine yenyewe.

Hata hivyo, upo ugonjwa mmoja uliowahadaa wengi. Katika mashine za SPARCstation, anwani ya etheneti ilihifadhiwa ndani ya chipu yenye betri iliyofungiwa humo humo. Baada ya takriban miaka 10 betri ilikufa, na kumbukumbu ikafutika. Anwani iliyokuwa ikianza kwa 08:00:20 ilisomeka ff:ff:ff:ff:ff:ff, ambayo katika etheneti ni anwani ya kuwaita wote kwa pamoja. Aliyebaki na jina la wote hana jina lake mwenyewe. Mashine iliita na kuita, na seva ikakosa kuitambua, ingawa waya, kichakataji na kioo vyote vilikuwa salama.

Tiba ilikuwa kutia chipu mpya na kuiandikia anwani upya. Lakini anwani ile ingepatikana wapi, ikiwa mwenyewe ameisahau? Ilikuwa ingali imeandikwa katika /etc/ethers ya seva. Mtu ni watu, na mashine ile nayo ilirudishiwa jina na mwenzake aliyekuwa akilihifadhi miaka yote. Kwa sababu hiyo, fundi mwenye busara hakuufuta mstari wa mashine iliyonyamaza kabla ya kujua imenyamazia nini.

Sun ilinunuliwa na kampuni ya Oracle mwaka wa 2010, na RARP imeipisha DHCP, itifaki iliyotokea mwaka wa 1993. Hata hivyo, mashine zinazoamshwa kupitia mtandao hadi leo huanza kwa kuuliza anwani, kisha huomba programu ndogo, ndipo zipate mfumo kamili. Mwanafunzi wa lugha ana la kuzingatia hapa. Mawasiliano yanapovunjika, aghalabu lawama humwangukia aliyenyamaza, na ni nadra mtu kuuliza kama aliitwa kwa jina lake, au kama wito wake ulimfikia yeyote.