Kupunga Upepo kwa Tiketi

Norwei kuna sheria ya mwaka 1957 ambayo ukikaa nchini muda mrefu unaizoea kiasi cha kutoona tena ajabu yake. Inampa mtu yeyote, awe raia au mgeni, haki ya kupita kwa miguu msituni, mlimani na pwani, kwenye ardhi isiyolimwa wala kujengwa, hata kama ardhi hiyo ina mwenyewe. Unaruhusiwa hata kulala humo kwenye hema bila kuomba na bila kulipa. Masharti si mengi. Hema likae angalau mita 150 kutoka nyumba ya mtu, usizidishe siku mbili mahali pamoja bila kuongea na mwenye eneo, na kati ya tarehe 15 Aprili na 15 Septemba usiwashe moto msituni. Takataka zako unaondoka nazo. Geti hakuna, risiti hakuna, na hakuna kijana wa kukuuliza, "Mko wangapi?"

Hapa Oslo msitu wenyewe unafikiwa kwa treni ya mjini. Laini namba 1 inapanda hadi Frognerseteren, ya 5 inaishia Sognsvann, na ukishuka kituo cha mwisho unatembea dakika chache tu ukajikuta ziwani. Jumamosi asubuhi behewa linajaa familia: mabegi mgongoni, chupa ya chai, mbwa, watoto wamevalishwa suti za mpira za mvua mpaka wanatembea miguu imetanuka. Msitu huu unaouzunguka mji una sheria yake ya mwaka 2009 inayouzuia usimegwemegwe viwanja. Kwa mtu aliyekulia Dar es Salaam na kuona mabonde yakigeuka mitaa, hiyo peke yake ni habari ya kusimulia.

Kitu kimoja kilinichekesha tangu mwanzo. Ndani ya treni hakuna anayekusalimu. Ukimwambia mtu habari za asubuhi atadhani unaumwa. Mtu huyohuyo ukipishana naye msituni nusu saa baadaye, anakuchangamkia kama mmetoka kijiji kimoja.

Watoto wanafundishwa mapema. Chekechea zina siku ya kwenda porini, mvua ikinyesha wanakwenda, theluji ikianguka wanakwenda. Mwanangu alirudi siku moja amejifunza kuchonga kijiti kwa kisu, na mwalimu ndiye aliyempa kisu. Sasa tukitoka, kazi ya vijiti ni yake: anatafuta kijiti kirefu, anakichonga ncha, anachomeka soseji, anaishika juu ya makaa kwa uvumilivu ambao mezani hana. Baada ya hapo huwa tunakula mkate wenye jibini ya kahawia uliofungwa kwenye karatasi, na maandazi yao ya duara ambayo, kwa bahati yetu, wanayatia iliki. Jioni nyumbani ni kuvuana nguo na kukaguana nyuma ya magoti na kwapani, maana majani ya kiangazi yana kupe.

Msidhani ni pepo. Wanorwei wanasema matembezi ni ya bure, lakini koti la kutembelea linaweza kumeza karibu mshahara wa wiki, na mtoto anayekuja siku ya porini na viatu vya mazoezi vilivyolowa anajulikana mara moja kwamba wazazi wake ni wageni. Dawa wameitafuta. Kuna mtandao wa vituo unaoitwa BUA ambako mtoto anaazimwa hema, begi au viatu vya kuteleza kwenye theluji bila kulipa. Huko ndiko tulikoanzia sisi, na sioni haya kuisema.

Mama yangu, aliye Tabata, nilipompigia simu ya video kutoka ndani ya hema, alitazama kwa muda kisha akauliza, "Mwanangu, kodi mmeshindwa kulipa?" Nikamweleza. Akasema sawa, lakini mjukuu wake arudishwe ndani kabla hajapata homa ya mapafu.

Watu hupenda kusema kwamba sisi kulala nje si utamaduni wetu. Nani kasema? Msibani tunalala nje siku tatu, chini ya turubai, kwenye mikeka, wanaume wanacheza bao na karata mpaka alfajiri, sufuria la chai halishuki jikoni. Wenye mkesha wanakesha. Skauti wanapiga kambi. Tunachokosa si uwezo wa kulala nje. Kulala nje kwetu kuna sababu, na sababu huwa ni watu. Mnorwei anakwenda porini awakimbie watu; mtoko wa Dar unapangwa ili watu wakutane. Hema lenye nafasi ya watatu, peke yake kando ya ziwa, kwa mama yangu ni adhabu.

Mtoko wetu unaanza jikoni saa kumi na moja alfajiri. Pilau linapikwa nyumbani, sufuria linafungwa kitambaa, kisha kanga mbili juu yake, na anapewa mtu mzima mwenye adabu alipakate njia nzima. Kachumbari iko kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko. Kuna boksi la barafu, kuna spika, kuna mpira wa miguu ambao hewa yake inapungua. Tunavuka na pantoni kutoka Magogoni kwenda Kigamboni, ambako mwenda kwa miguu amekuwa akilipa shilingi 200, au tunazunguka na Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016. Tukifika hakuna anayetembea kwenda popote. Bibi anaketi kivulini, mkeka unatandikwa, na watoto wanakimbilia maji na maboya ya tairi ya kukodi. Mazungumzo yanaanza ambayo kwenye simu hayasemeki: nani anataka kuoa, shamba la marehemu babu limefikia wapi, kwa nini shangazi hajaja.

Desemba moja tulikwenda hivyo, Noah mbili zimejaa, kwenye ufukwe mmoja ambao siutaji. Getini kulikuwa na kiingilio kwa kila kichwa, watoto nusu. Hilo tulilitarajia. Juu ya kidirisha cha tiketi palikuwa na kibao: hairuhusiwi kuingia na chakula wala vinywaji kutoka nje. Mlinzi alikuwa kijana mpole, akamwamkia mama shikamoo, akasema, "Mama, samahani, ni amri ya bosi." Wifi yangu, ambaye anaweza kupunguziwa bei hata ya umeme, alibembeleza, akatania, akataka kuonana na meneja. Wapi. Menyu ya ndani ilikuwa na sahani ya chipsi kuku kwa bei ambayo ukizidisha kwa idadi yetu, ungepika pilau la arusi. Tulikula maegeshoni, milango ya Noah imefunguliwa, bibi ameketi kiti cha mbele ameshika sahani, bahari tunaisikia nyuma ya ukuta. Kisha tukalipa kiingilio, tukaenda kuogelea tumeshiba.

Hapo ndipo nilipoanza kulinganisha kwa uchungu, na si mahema niliyolinganisha. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari au ziwa. Wanorwei wana mita 100, na wamekuwa nazo tangu miaka ya 1960. Kwenye karatasi hatujaachana mbali. Tena Norwei nako wenye nazo wanaweka ua na vibao vya "binafsi" kwenye fukwe za Oslofjord, na magomvi yake hayaishi. Tofauti ni kwamba kule mpita njia anajua kwamba ana haki ya kupita, na anagomba. Sisi pale getini hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ukuta ule unastahili kuwa pale. Tuligombea pilau tu.

Chukua visiwa. Kutoka katikati ya Oslo unapanda boti kwa tiketi ileile ya basi na treni, unashuka Hovedøya penye magofu ya monasteri ya mwaka 1147, au unaendelea hadi Langøyene, ambako kupiga hema kunaruhusiwa. Familia ya mapato ya chini inafika huko sawa na familia ya waziri. Dar nako kuna visiwa karibu vilevile: Bongoyo unakwenda kwa boti kutoka Msasani, Mbudya kutoka Kunduchi, vyote ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975. Ila boti ni ya kukodi au ya tiketi yake, na juu yake kuna ada ya hifadhi. Kwa mtalii si kitu. Kwa baba mwenye watoto wanne anayeishi Mbagala, ni safari ya kuota.

Kwa chakula, hata hivyo, siwezi kudanganya: Langøyene utakula soseji uliyokwenda nayo. Mbudya unaletewa beseni la samaki wabichi uchague wako, unakwenda kuogelea, ukirudi kibandani amekaangwa mzima na ndimu pembeni, mkono wako una chumvi bado. Hapo Norwei imefungwa goli nyingi.

Kuna na suala la usalama, ambalo sisi wa ughaibuni tukirudi na mahema yetu huwa tunalipuuza. Msituni hapa naacha begi chini ya mti, naenda kuteka maji, nalikuta. Ufukwe wa pembeni mwa Dar usiku si mahali pa kumlaza mtoto bila mlinzi, na mtu anayekwambia uende tu, Mungu yupo, mwangalie yeye analala wapi.

Ndiyo maana naona mahali petu pa kuanzia kulala nje ni shamba. Wanorwei wana vibanda vya mapumziko zaidi ya 400,000 katika nchi ya watu milioni tano na ushee, na Ijumaa mchana barabara za kutoka Oslo zinafurika. Watu wa Dar nao Jumamosi wanakwenda Mkuranga, Kisarawe, Bagamoyo, kwenye ekari mbili tatu za minazi na mikorosho. Sema wanakwenda kusimamia palizi, kugombana na kijana wa shamba, na kurudi jioni na mihogo kwenye buti. Kulala huko ni mara chache, na watoto huachwa mjini na runinga. Shamba ni letu, geti hakuna, pilau halizuiwi.

Na kwa wasio na shamba kuna msitu wa Pugu Kazimzumbwi, kwenye mpaka wa jiji na Kisarawe, na daladala zinafika huko. Ningekuwa na sauti mjini, ningeomba kitu kimoja: Jumapili moja ya kila mwezi familia ziingie humo bure, na masufuria yao.

Desemba ijayo tumekubaliana Mkuranga, kwa kaka. Mahema nakuja nayo mimi. Mama amekubali kuja kwa masharti: yeye atalala ndani ya nyumba ya shamba, kitandani, kwa chandarua, mlinzi alipwe kabla ya jua kuzama, na hizo soseji za kwenye vijiti nisizitoe mbele ya wageni.