Tronsoneze "iliyoongezwa nguvu": tuliyoyaona Kinindo



Mwezi uliopita familia tatu zilitujia na swali moja. Likelemba yao imefikia hatua ya kununua tronsoneze, yaani msumeno wa mashine, ili vijana wapate kibarua cha kupasua mbao kwa wenye mashamba ya mikaratusi karibu na kambi. Muuzaji amewaambia kwamba mashine ni ya siku nyingi lakini "injini imeongezwa nguvu", na kwa sababu hiyo bei yake imepanda. Je, walipe? Tuliona afadhali tujibu hapa gazetini ili wote wasikie, maana pesa ya likelemba si ya mtu mmoja. Ikipotea, ni ugomvi wa nyumba kumi.

Sisi tunaoandika ni mafundi watatu. Kabla ya kuja kambini tulikuwa tukifanya kazi Kinindo, kusini mwa Bujumbura, kati ya Musaga na ziwa. Wengi wanaijua Kinindo kwa nyumba zake kubwa zenye uzio na miembe. Sisi tuliijua kwa mashine za watu wa nyumba hizo: jenereta, pampu za maji, mashine za kukata majani. Tronsoneze zilikuja mara nyingi zaidi upepo ukiangusha mti juu ya ukuta wa mtu. Lakini wateja wetu wa kweli wa tronsoneze walikuwa wakata mbao walioshuka kutoka milimani, na hao karibu wote walikuwa na ombi moja: "Fundi, iongezee nguvu."

Mzee mmoja wa upande wa Ijenda alituambia hivi: "Wanangu, hii mashine huku kwenu inanguruma kama simba. Nikifika kule juu inakohoa kama mimi." Tukacheka naye, lakini alikuwa amesema jambo lote kwa maneno machache. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita kama 770 juu ya bahari. Ukipanda barabara ya Musaga kwenda Ijenda, unapita mita 2,000, na milima ya huko juu inafika hata mita 2,600. Kule hewa ni nyepesi. Injini inakula hewa na esanse pamoja. Hewa ikipungua na esanse ikabaki ile ile, mchanganyiko unakuwa mzito, moshi unatoka mwingi, buji inakuwa nyeusi, na mashine inachoka. Tena, hata ukiirekebisha vizuri kabisa, kwa kila mita 300 unazopanda injini hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu yake. Kutoka Kinindo hadi mita 2,200 ni kama asilimia 14 imekwenda, na hakuna fundi wa kuirudisha, kwa sababu hewa yenyewe haipo.

Sasa mkata mbao anafanya nini akiwa kule juu? Anachukua bisibisi. Kwenye kabureta ya tronsoneze kuna skrubu mbili za esanse, moja ina herufi L kwa mwendo mdogo na nyingine H kwa mwendo mkubwa. Anaikaza H ili esanse ipungue. Mashine inachangamka, sauti inakuwa nyembamba na kali, naye anafurahi, na kweli kule juu amefanya sawa. Halafu Ijumaa anashuka bondeni kwa kazi ya siku mbili na skrubu imebaki pale pale. Huku chini hewa ni nzito, esanse ni kidogo, na katika injini ya aina hii mafuta ya kulainisha yanakuja ndani ya esanse hiyo hiyo. Esanse ikipungua, mafuta nayo yanapungua. Saa moja ya kupasua mbao inatosha pistoni kupata joto, kuvimba na kugandana na silinda. Mashine za namna hiyo tulizipokea nyingi kuliko za ajali nyingine zote, na kila mwenye mashine alisema ilikuwa na nguvu sana dakika chache kabla ya kuzima. Ni kweli, inakuwa na nguvu sana. Ndiyo maana inadanganya.

Kwa hiyo yule mzee hatukumuongezea kitu. Tulimwonyesha namna ya kusikiliza. Mashine iliyorekebishwa sawa, ukiifungulia yote bila kukata, sauti yake inatetemeka kidogo kama maji yanayobubujika. Ukiizamisha kwenye mti ile sauti inasafika. Ikiwa inalia safi na kali hata bila mzigo, fungua H kidogo. Alirudi baada ya miezi kadhaa kutuletea viazi, mashine ikiwa mzima. Hayo ndiyo malipo tunayoyakumbuka, ingawa mwenye nyumba tuliyopanga hakutaka viazi.

Sasa tuje kwenye hayo "kuongezwa nguvu" yanayouzwa. Hatusemi ni uongo mtupu. Kuna njia za kweli. Njia inayofanywa sana ni kutoboa au kupanua bomba la moshi ili injini ipumue. Ikifanywa na anayejua, na H ikafunguliwa kufuatana na tundu jipya, mashine kubwa inapata nguvu kidogo. Ikifanywa kwa msumari na nyundo, na kabureta ikaachwa ilivyo, ni ile hadithi ya pistoni tena. Wengine wakati huo huo wanatoa ule wavu mdogo unaozuia cheche. Kiangazi, kwenye majani makavu, msidhani cheche ni mchezo.

Tena kuna masikio. Wataalamu wa afya kazini wanasema kelele ya desibeli 85 mtu anaweza kuivumilia kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda huo ukatwe nusu. Tronsoneze ambayo haijaguswa hufika kama 110 karibu na sikio. Ukipiga hesabu, dakika mbili hazifiki. Iliyotobolewa bomba inapita hapo, na kijana anakaa nayo kutwa nzima. Kulikuwa na kijana mmoja mteja wetu, baba wa watoto wawili, ambaye mashine yake ilitobolewa kwingine. Mke wake ndiye aliyekuja naye siku moja, akasema mbele yetu: "Mtoto akilia usiku, mimi ndiye ninayemwamsha. Yeye hasikii." Kijana alitabasamu tu, labda hakusikia na hilo.

Njia nyingine ni kupanua matundu ndani ya silinda. Hiyo ni kazi ya wenye mashine za mashindano huko Ulaya na Marekani, wenye vifaa vya kupimia na silinda nyingi za kujaribia. Tundu la moshi likipanuliwa kupita kiasi, ringi ya pistoni inachungulia nje, inanasa ukingo, inavunjika, na silinda imekwisha. Wapo pia wanaotoa gasketi iliyo chini ya silinda ili mgandamizo uongezeke. Nafasi iliyopo kati ya pistoni na kichwa cha silinda ni ndogo mno. Ikishuka chini ya nusu milimita, chuma kinaanza kugonga chuma. Kwa mtu ambaye tronsoneze yake ndiyo sare za shule za watoto, sisi hapo tulikuwa tunakataa. Tulipoteza wateja kwa sababu hiyo, na walioondoka walikwenda kufanyiwa kwingine.

Nguvu ambayo watu wanaitafuta ndani ya injini mara nyingi imelala kwenye mnyororo. Mwaka 1929 Andreas Stihl wa Ujerumani alitoa msumeno wa esanse wa kilo 46, wa kubebwa na watu wawili. Injini ilikuwepo, lakini kwa miaka mingi minyororo ya misumeno ilikuwa na meno ya kukwaruza, ya kunolewa kila mara. Mkata miti mmoja wa Oregon, Marekani, jina lake Joseph Cox, mwaka 1946 alimwona funza wa mdudu akitafuna kisiki. Funza yule alikata ubao kushoto na kulia, akizunguka nyuzi za mti pande zote. Cox akatengeneza mnyororo wenye meno yaliyopinda, moja la kushoto, moja la kulia, na mwaka 1947 akaanza kuuza. Mnyororo wa tronsoneze zetu za leo ni mtoto wa huo. Injini hakuigusa.

Basi jaribuni hivi. Angalieni takataka za mbao. Mnyororo mkali unatoa vipande kama mchele uliokobolewa vibaya. Butu unatoa unga, na mtu anaanza kuegemea mashine kwa kifua. Jino la kukata mti kwa kukingama hunolewa kwa pembe ya nyuzi kama 30. Kwa kupasua mbao kwa urefu, nyuzi kama 10 zinakata laini zaidi na injini haichoki upesi. Kuna kidole kifupi mbele ya kila jino kinachopima kina cha kukata. Kinatakiwa kiwe chini ya jino kwa kama milimita 0.65. Watu wanaotaka haraka wanakikata sana kwa tupa, na hapo mnyororo unauma kuliko mashine inavyoweza, unaruka nyuma kuelekea uso. Bamba refu la chuma nalo lina lawama yake. Mtu ana mashine ndogo, anaifunga bamba la mashine kubwa, kisha analia kwamba injini ni dhaifu.

Esanse tunaitaja kwa ufupi, mnajua wenyewe. Tangu 2021 uhaba umerudi Burundi mara kwa mara, na esanse ya chupa za barabarani inaweza kuwa na maji au mafuta ya taa ndani yake. Chujeni kwa kitambaa safi, acheni ikae kwenye chupa nyeupe, tazameni chini kama maji yametulia. Mafuta ya kuchanganya: kama kitabu cha mashine kinasema 1 kwa 50, ni mililita 100 kwa lita 5; kikisema 1 kwa 25, ni mililita 200. Chupa ndogo ya dawa ya mtoto yenye alama inapima vizuri kuliko kizibo.

Na zile familia tatu? Jibu letu ni kwamba msilipie "nguvu". Lipieni injini nzima. Mkienda kuiona, shikeni kamba ya kuwashia na kuinua mashine yote kwa kamba hiyo, breki ikiwa imefungwa. Ikishuka polepole ikisitasita, mgandamizo bado upo. Ikianguka moja kwa moja kama ndoo kisimani, ringi zimekwisha. Kisha ombeni bomba la moshi lifunguliwe, ni skrubu chache tu, mchungulie pistoni kwa tochi. Upande wake uwe laini. Mistari ya kusimama, iliyochanika, maana yake imeshagandana mara moja, na mwenye nayo anatafuta wa kumtupia. Muuzaji akikataa kufungua, mshukuruni na kuondoka.

Tazameni pia breki ya mnyororo, ile kinga iliyo mbele ya mkono wa kushoto. Mashine nyingi kubwa za zamani, kama Stihl 070 zinazopendwa sana na wapasua mbao wa kwetu Kongo, hazikuwa nayo. Kijana anayejifunza asianzie hapo. Wala msianze kukata kabla ya kuwa na karatasi ya mwenye mti na ruhusa ya viongozi wa eneo.

Minyororo tunanoa sisi wenyewe Jumamosi asubuhi, nyuma ya kibanda cha cherehani. Njooni na tupa ya mviringo ya milimita 5.2 kama mnayo. Yetu imebaki moja na meno yake yamekwisha.